Skrubu Nne za Rili ya Mangi

Mwezi uliopita fundi umeme alikuja nyumbani kubadilisha swichi za zamani, zile nyeusi nzito zilizokuwepo kabla hata baba hajazaliwa. Moja iligoma kutoka, akaitoboa kwa drili. Ukatoka moshi mdogo wenye harufu kali, kama dawa ya kusafishia hospitali iliyochanganyika na kitu kilichoungua. Nilikuwa nimeshika daftari la Kemia. Nikaliweka chini, nikaenda bafuni, nikajifungia na kufungulia bomba ili mama asisikie. Nilikuwa sina cha kulia, kusema kweli. Lakini mwili ulikumbuka kabla yangu: ile ni harufu ya rili ya Mangi, na rili ya Mangi ndiyo iliyokaribia kumpeleka babu yangu Tanga.

Wewe unaweza kusema Tanga kuna ubaya gani. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la tatu, na Tanga niliijua kwa jambo moja tu. Bibi yangu, mke wa Babu, alianza kwa kutia chumvi kwenye chai. Halafu akawa anamwita mama kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Halafu siku moja akatoka kununua mchicha akapotea, tukamkuta Mnazi Mmoja amekaa chini katikati ya watu wanaopita, viatu amevipanga mbele yake kama anauza. Ami Salim, kaka yake baba, akaja kumchukua akakae kwake Tanga, eti kuna hewa na utulivu. Bibi alipanda basi akiwa amevaa baibui jipya. Hakurudi. Tulipigiwa simu. Kwa hiyo kichwani mwangu Tanga haikuwa mji. Ilikuwa mahali wazee wakipelekwa wanakufa.

Babu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, si wa kushona. Kiduka chake kilikuwa, na bado kipo, pale Kariakoo inapoishia na Gerezani inapoanza, chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa kukunja. Ukikaa ndani unasikia nyundo za wachomeleaji upande mmoja, na upande wa pili wapiga debe wa nguo, na kila baada ya dakika chache basi la mwendokasi linapita na sakafu inatetemeka kidogo. Nikitoka shule nilikuwa nakwenda kukaa naye mpaka saa ya madrasa. Sikuwa mtoto wa kucheza na wenzangu. Nilikuwa na aibu, mtu akinisalimia najificha nyuma ya cherehani. Babu hakunilazimisha kusema. Alinipa kigoda upande wa pili wa meza yake ya kazi, tukawa tunatazamana, yeye kule mimi huku, sinia katikati.

Hilo sinia lazima nilieleze. Babu alikuwa na utaratibu wake. Kila alichokifungua alikipanga juu ya kitambaa cheupe ndani ya sinia la shaba, kwa mstari, kimoja baada ya kingine kilivyotoka. "Cha kwanza kukaa mwanzo," alikuwa akiniambia, "cha mwisho kukaa mwisho. Wakati wa kurudisha unaanza na cha mwisho. Ukikosea mwanzo umekosea vyote." Macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu, lakini hakujali. Alikuwa anafunga cherehani nzima kwa vidole huku anaongea na mtu mlangoni. Alilisadiki sinia kuliko macho yake.

Mangi alikuwa jirani, Mchaga wa Kibosho, muuza ndoo na madishi kwa jumla. Mtu mkubwa, sauti kubwa, hawezi kuingia mahali kimyakimya. Alikuja siku moja akiwa na kitu kwenye mfuko wa rambo.

"Mwarabu! Shikamoo."

"Marahaba, Mangi. Umekuja kunilipa au kunitukana?"

"Nimekuja kukupima. Wanasema kila kinachozunguka wewe unakifungua. Haya, fungua hiki."

Akatoa kigurudumu cheusi, kipana kama kisosi, kina kimkono kidogo pembeni na mguu wa shaba uliojaa kutu ya kijani. Mimi nilidhani ni kitu cha baiskeli. Babu akakigeuza, akakizungusha. Kikalia krrrrr, sauti kavu kama mdudu mkubwa. Nikaruka.

"Rili hii," Babu akasema. "Ya kukunjia mshipi wa kuvulia. Mchaga na uvuvi wapi na wapi?"

Mangi akacheka, halafu akaacha kucheka, akavuta kigoda. Alisema ameikuta kwenye lundo la vyuma chakavu kule Gerezani. Baba yake, ambaye alikuwa bado hai kule mlimani, mzee sana, alipokuwa kijana alikuwa akimbebea mzungu mmoja vifaa vya kuvulia samaki kwenye mito ya Kilimanjaro. Mzungu alipoondoka kurudi kwao, alimwahidi ile rili, kisha akaondoka nayo. Mzee amelisimulia jambo hilo kila Krismasi tangu Mangi ana akili.

"Sasa jumapili nakwenda kuhesabiwa," Mangi akasema, maana Wachaga Desemba lazima warudi kwao na sisi wengine lazima tuwatanie hivyo, naye akajitania mwenyewe kabla hatujawahi. "Nataka nimpelekee. Lakini niambie ukweli: ni ya zama zile, au ni ya juzi? Nikimpelekea ya juzi atanijua. Na nataka izunguke."

Babu alipenda mno. Sikuwa nimemwona hivyo tangu Bibi afe. Aliisugua ile rili kwa kidole gumba, haraka haraka, mpaka ikapata moto, kisha akanipa ninuse. Ndiyo ile harufu. "Plastiki ya siku hizi hainuki hivi," akasema. "Hii ni ile ya zamani, ya swichi na simu za mkono mzito." Kisha akatazama skrubu: zote zilikuwa za mfereji mmoja, hakuna hata moja ya nyota. Kisha akachokoa ndani kwa sindano ya cherehani, akavuta kipande cha uzi wa njano uliooza, akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukawa majivu, ukanuka nywele zilizoungua.

"Hariri," Babu akasema. "Nailoni ingeyeyuka ikawa tone. Mangi, mshipi huu umefungwa kabla nailoni haijafika kwenye maduka yetu. Kabla ya uhuru, tena zamani zaidi. Mpelekee mzee wako bila hofu."

Mangi alivua kofia. Alisema ataifuata rili alhamisi.

Na alhamisi ndiyo siku Ami Salim alikuwa anakuja. Hilo nililijua mimi peke yangu kati ya sisi watatu. Siku mbili kabla, nikiwa naosha vyombo uani, nilimsikia mama akiongea naye kwenye simu, amefungua spika huku anachambua mchele. Ami alisema, "Mzee ameanza kugeuzageuza mambo. Juzi amenipigia ananiuliza habari za mvua, kesho yake akaniuliza tena. Mama alianza hivihivi. Nakuja alhamisi nimwone kazini. Nikiona kosa moja tu, shemeji, moja tu, nafunga lile duka na jumapili naondoka naye."

Mama akasema, "Utakavyoona mwenyewe."

Sikulala vizuri tangu hapo. Nilianza kumchunguza Babu kama askari. Nilionja chai yake kabla hajaonja yeye. Akiniita jina langu nilikuwa nashusha pumzi. Akinyamaza kidogo katikati ya sentensi nilikuwa nabana vidole vya miguu mpaka amalize. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilidhani nikilisema litakuwa kweli.

Alhamisi Babu aliifungua rili. Vipande vikubwa akavitumbukiza kwenye bakuli la mafuta ya taa, akavisugua kwa mswaki mkuukuu mpaka shaba ikaanza kuonekana, rangi ya asali. Kwenye sinia zilibaki skrubu nne tu za bamba la pembeni. Mimi kwa macho yangu zilifanana. Ila ile ya kwanza kutoka niliijua, maana kichwa chake kilikuwa kimekwanguliwa na mtu aliyewahi kuilazimisha zamani. Alasiri ikaadhiniwa. Babu akanawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Njoo ukae kitini kwangu," akasema. "Uangalie paka asipite. Usiguse kitu, sawa binti?"

"Sawa."

Akaenda msikitini. Nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikatazama sinia.

Ile skrubu ya kichwa kilichokwanguliwa, ya kwanza, ilikuwa upande wa kulia. Mwisho kabisa. Nikahesabu tena. Mstari wote ulikuwa umegeuzwa. Cha kwanza kilikuwa mwisho na cha mwisho kilikuwa mwanzo. Nikalisikia lile neno la Ami Salim: kugeuzageuza. Basi imeanza, nikajiambia. Imeanza leo, na Ami yuko njiani.

Sasa hivi ukisoma utaniona mjinga. Siku zote nilikuwa nikikaa upande wa pili, kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu, na kwangu mimi mstari ulikuwa umenyooka kama daftari la shule. Babu yeye hakusoma shule. Alisoma chuo cha Kurani, kwa Kiarabu, na mpaka leo hesabu zake za duka anaziandika kwa herufi hizo. Kwake yeye mwanzo wa kitu chochote ni kulia. Mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda madrasa kila jioni, alifu naijua inapoanzia. Lakini msahafu ni msahafu na skrubu ni skrubu; haikunijia hata kidogo kwamba vinaweza kukutana. Na hofu haikupi nafasi ya kuzunguka meza ukatazame tena.

Nikazigeuza. Moja moja, kwa ncha za vidole, ulimi nje. Ya kwanza nikaiweka kushoto. Nikanyoosha kitambaa kisionekane kimeguswa. Nilijisikia nimemwokoa.

Walifika pamoja, Babu kutoka msikitini na Ami Salim na begi lake, na Mangi akawafuata nyuma akipiga kelele kwamba Waarabu wamekuwa wengi leo. Mimi nikarudi kwenye kigoda changu. Ami alimbusu Babu mkono, akakaa mlangoni, akakunja mikono. Babu akawa anaongea huku anafunga. Akamweleza Ami habari ya hariri na nailoni. Kidole chake kikaenda kwenye sinia, kikachukua skrubu ya kushoto bila yeye kutazama, akaitia kwenye tundu, akaanza kukaza kwa bisibisi. Ikagoma. "Uchafu kwenye meno ya skrubu," akasema, akasukuma kidogo.

Krak!

Haikuwa sauti kubwa. Bamba jeusi lilipasuka kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni, ufa mweupe mwembamba kama unywele. Ile skrubu ilikuwa ndefu kuliko tundu lake. Nne zote zilitofautiana urefu, na hilo Babu alikuwa analijua.

Mwendokasi ukapita, sakafu ikatetemeka. Babu akaitoa skrubu, akaisogeza karibu na jicho.

"Hii ni ya kwanza," akasema polepole. "Imefikaje huku?" Akatazama sinia. "Nimeiweka mwenyewe. Hapa hakuna mtu mwingine."

"Si kitu, mzee," Mangi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Si kitu kabisa."

Ami Salim akasimama, akamshika Babu bega. "Baba, imetosha. Umefanya kazi miaka mingi. Pumzika sasa."

Nilitegemea Babu akatae. Angemfokea, angemwambia toka dukani kwangu. Badala yake akaweka bisibisi chini, akasema, "Labda ni kweli, Salim."

Mimi nilikuwa pale, hatua mbili. Hilo ndilo nataka kuliandika wazi, maana kila nikijisimulia peke yangu huwa nalipita haraka: nilijua siku ileile, dakika ileile, kwamba ni mimi. Sikujua kwa nini, ila nilijua ni mimi. Nikanyamaza kwa sababu watu wazima watatu wangenigeukia kunitazama.

Siku mbili zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi. Babu hakwenda dukani. Alikaa barazani na kanzu safi kama mgeni. Alimuuliza mama, "Alasiri nimeswali?" Mama akajibu ameswali. Baada ya muda akauliza tena, si kwa sababu amesahau. Nilimwona usoni, alikuwa anahakikisha. Alimkabidhi Ami ufunguo wa duka, akamwambia, "Ushike wewe, mimi nitaupoteza." Hajawahi kupoteza ufunguo maishani mwake. Nilikuwa namtazama mtu mzima akiwa anaanza kuugua ugonjwa niliomtungia mimi. Na tiketi za basi zilikuwa mezani chini ya kopo la sukari.

Jumamosi asubuhi Ami alikwenda kufunga vifaa. Babu akasema naye anataka kuliona duka, mimi nikashika kanzu yake. Mangi alikuja kuchukua rili yake, na ufa wake, maana kesho naye anasafiri. Ami alikuwa anaweka jiliwa, ile ya kubania vyuma, ndani ya katoni. Iliposhuka ikatoa kishindo, kama kitu kinachozikwa. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Mimi ndiye niliyezigeuza."

Sauti ilitoka kama ya paka aliyebanwa na mlango. Ami akageuka. "Nini?"

"Skrubu. Babu alipokwenda kuswali. Mimi ndiye."

Ami akachuchumaa mbele yangu, akanishika mashavu. Alikuwa na macho ya huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. "Mwanangu, najua unampenda babu yako. Lakini uongo haumsaidii. Tanga utakuja kututembelea."

Hakuniamini. Nilikuwa nimejiandaa kwa viboko, kwa kufokewa, kwa kila kitu, ila si kwa hilo. Nikaanza kulia kile kilio cha kukosa pumzi. Mangi akasema, "Ngoja, ngoja. Mtoto huyu mwaka wa tatu namsalimia hajanijibu hata siku moja. Leo amesema maneno yote hayo?"

"Mwache," Babu akasema. Alikuwa amekwisha kaa kitini kwake. Akazitoa zile skrubu nne kwenye mfuko wa rili, akazimwaga kwenye sinia. "Njoo. Simama hapa kwangu, zipange nilivyoziacha mimi."

Nikazipanga. Ya kichwa kilichokwanguliwa kulia, kisha nyingine kuelekea kushoto, kwa urefu. Moja ikaanguka chini, Mangi akaiokota.

"Sasa ulivyozifanya wewe."

Nikazigeuza.

"Kwa nini?"

"Ya kwanza ilikuwa imekaa mwisho, Babu."

"Mwisho wapi?"

"Kulia."

Babu akanionyesha kigoda changu cha upande wa pili. Nikaenda kukaa. Akazirudisha skrubu kama alivyozipanga yeye. "Na sasa, ya kwanza iko wapi?"

Nikatazama. "Iko mwanzo," nikasema. Nikaelewa wakati neno linatoka.

Mangi alipiga meza kwa kiganja. "Ala! Kumbe mzee anapanga skrubu kama msahafu! Salim, baba yako hana ugonjwa, ana dini tu."

Lakini Babu hakucheka. Alisimama, akaja upande wangu, akanivuta sikio mpaka nikasimama kwa vidole. "Nilikwambia usiguse! Nilikwambia au sikukwambia? Siku mbili! Siku mbili nakaa barazani najiuliza kama jina langu nalijua! Mtoto una mdomo, mdomo wa nini?" Alifoka mpaka wachomeleaji wakasimamisha nyundo. Mate yalinirukia. Sikio liliwaka moto. Na mimi nilikuwa nalia na huku nafurahi, sijui nieleze vipi, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya Babu mwenyewe, nzima, haijapungua kitu.

Ami Salim hakusema samahani. Aliitoa jiliwa kwenye katoni, akairudisha mezani, akauliza, "Ilikaa hivi?"

"Hivyo hivyo," Babu akasema, bado anahema. "Toka kwenye mwanga wangu."

Mchana ule alikata kipande chembamba cha shaba, akakitia chini ya bamba kama kiraka, akaziba ufa kwa gundi, akaifunga rili. Ilizunguka. Mangi aliporudi Januari alituambia mzee wake ameisugua, ameinusa, amesema siyo yenyewe, ile ya mzungu ilikuwa kubwa zaidi. Na tangu siku hiyo hamruhusu mtu kuishika.

Ami alirudi Tanga peke yake. Babu yupo. Kichwa chake ni kizima, ananishinda kwa hesabu, na ukimuuliza cherehani aliyoifungua nikiwa darasa la tatu atakwambia ilikuwa ya nani. Mimi siku hizi nipo kidato cha pili na baada ya shule bado nakwenda kukaa kwenye kigoda changu. Alinisamehe siku ileile, kabla ya magharibi, alininunulia hata kashata. Lakini tangu hapo, kabla hajakaza skrubu, mkono wake unasimama hewani na bisibisi. Anatazama sinia. Kisha ananitazama mimi.

"Ziko sawa?"

"Ziko sawa, Babu."

Ndipo anakaza. Zamani hakuwa akimuuliza mtu.